Nilimwacha Kalonda Aitwe Mwongo

Kosa ni langu. Kwa miaka mingi nimejaribu kulitupa kwa mzungu, kwa mashini, kwa mvua, hata kwa marehemu mama yangu, na kila mara limenirudia. Basi leo nalikubali mbele yenu mnaosoma. Jina langu siandiki, kwa sababu wanangu wako Kasongo na wana haki ya kupita barabarani bila kunyooshewa vidole.

Mambo haya yalitokea zamani za Wabelgiji, baada ya ile vita yao kubwa. Mimi ni mtu wa Kasongo, wa familia ya Kiislamu ya mjini. Shule nilipita kidogo, lakini hesabu nilizijua sana, na nilijua kwamba nazijua. Ugonjwa wangu ulianzia hapo.

Akaja mzungu mmoja mrefu, kazi yake kupima matope yaliyomo ndani ya maji. Watu wa mjini walimpa jina la Bwana Matope, na alipoelezwa maana yake alicheka. Alituambia kwamba kule chini kabisa, mto wetu mkubwa unapoingia baharini, matope yanajaza njia ya meli, na serikali inataka kujua yanapita mangapi kwa siku. Kwa desturi maji huchotwa, huchujwa, matope hukaushwa na kuwekwa kwenye mizani, na hapo siku tatu zimeshakwisha. Bwana Matope alitaka mwanga ufanye kazi hiyo kwa dakika moja.

Nilikuwa karani wake. Tulitengeneza sanduku la mbao, katikati yake chombo cha kioo cha kutia maji. Upande mmoja taa ndogo ya betri, upande wa pili kitu alichokiita jicho, kigae cheusi kinachotoa umeme kidogo kikiangukiwa na mwanga. Waya ulitoka kwenye jicho ukaenda kwenye sindano. Maji yakiwa safi, mwanga unapita na sindano inapanda. Yakiwa na matope, inashuka.

Ukisikia hivi utadhani ni rahisi. Sanduku la kwanza lilivuja mwanga kwenye kifuniko, tukalifunika ndani kwa kaniki kuukuu ya mama yangu. La pili, taa ilipasha kioo moto kikatoka jasho. La tatu likakaa sawa, tukatengeneza jingine mfano wake. Kisha kiangazi kizima nilikausha matope, nikayapima, nikayakoroga kwenye maji, nikaandika sindano inasimama wapi, mpaka tukapata jedwali: sindano ikisema hivi, matope ni kiasi hiki. Jedwali lile liliandikwa kwa mkono wangu, na nilitembea nalo mjini kama mtu aliyeoa juzi.

Kabla ya kulipeleka baharini, Bwana Matope alitaka kulijaribu kwenye mto mdogo. Huko ndani, upande wa Kabambare, ulikuwapo mto mmoja, sitautaja, ambao juu yake watu walikuwa wanachimba dhahabu na kuosha udongo. Maji ya juu ya machimbo yalikuwa safi. Ya chini, wavuvi walilalamika kwamba yamekuwa uji, samaki wamekimbia, watoto wanaumwa tumbo. Wakubwa wa machimbo walisema huo ni uchafu wa mvua na wa mashamba ya wavuvi wenyewe. Mkubwa wa serikali wa sehemu ile akasema vizuri, mashini itaamua. Kama wavuvi wanasema kweli, maji ya kuoshea udongo yatachimbiwa mabwawa, yatulie kabla ya kuingia mtoni.

Sanduku moja likawekwa juu, na karani mwingine. Moja likawekwa chini, na mimi.

Niliwekwa katika kibanda cha nyasi ukingoni, mwendo wa nusu saa kutoka kijiji cha wavuvi. Bwana Matope aliniachia betri, daftari, na ndoo mbili. Moja ya bati, ya matumizi yangu. Nyingine nyeupe, yenye kifuniko, nzuri kuliko chombo chochote nyumbani kwetu. Akainyooshea kidole.

“Karani, ndoo hii ya mashini tu. Kitu ingine hapana tia.”

“Ndiyo, Bwana.”

Akaniandikisha maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Akaondoka.

Upweke ule sikuwa nimewahi kuuona. Kasongo unaamka na salamu na unalala na salamu. Pale nilimaliza siku bila kufungua mdomo, nikajikuta naisemesha sindano. Nilisali peke yangu, nikala peke yangu, nikawaza mpaka mawazo yakaanza kujirudia. Watu wa kijiji niliwaona wananuka samaki, na nilihakikisha wanajua kwamba nawaona hivyo. Basi hawakuja.

Isipokuwa mmoja. Nitamwita Kalonda. Alikuwa mvuvi wa umri wangu, mtu wa kabila la Wabangubangu, Mkristo, na ndiye aliyepeleka malalamiko ya wenzake kwa serikali. Siku ya pili alikuja na muhogo, akauweka chini, akakaa mbali kidogo na mlango.

“Karani, hii kitu inaona matope kweli?”

“Inaona kuliko wewe.”

“Basi vizuri. Sisi tumesema, wamekataa. Labda yenyewe watasikiliza.”

Kutoka siku hiyo alikuja kila asubuhi baada ya kutazama mitego yake. Alinisalimu, akauliza nimeamkaje, akangoja jibu. Nawaambia ukweli, nilianza kuamka mapema kwa ajili ya salamu ile.

Mwezi wa Ramadhani ukanikuta pale. Kufuturu peke yako ni jambo la kuliza, hasa kama umezoea sinia na ndugu kuizunguka. Kalonda alijua nimefunga. Jioni ile mkewe, Mama Feza, alileta uji wa mahindi moto ndani ya bakuli lililofunikwa kwa jani, na akaendelea kuleta mwezi mzima. Hawa ndio watu niliowaona wananuka.

Sasa sikilizeni kosa lilivyoingia.

Nyumbani kwetu mgeni hapewi maji yenye rangi. Mama alikuwa na jiwe la shabu, jeupe, ambalo alilizungusha ndani ya mtungi. Matope yanashikana, yanaanguka chini, na juu yanabaki maji ya kunywa. Nilipoondoka alinifungia kipande kwenye kitambaa. Maji ya mto ule yalikuwa mekundu, nami nisingeyanywa kama wavuvi. Na ile ndoo ya bati, kabla sijaanza kazi ya kupima, iliazimwa na Kalonda akatilia samaki, kwa hiyo nikaikataa. Nikachukua ndoo nyeupe.

Nilifanya hivi: jioni nachota maji ndani ya ndoo nyeupe, nazungusha shabu, yanatulia, namimina kwenye chungu. Asubuhi nachukua ndoo ileile, nashuka mtoni, nachota maji ya mashini. Kuiosha niliona si lazima, maana kwa macho yangu ilikuwa safi kabisa. Ndani yake palikuwa na ukoko mweupe wa shabu, nami niliupenda, nilidhani ni dalili ya usafi.

Na sindano ikapanda. Siku ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kwa jedwali langu maji yale yalikuwa karibu sawa na ya juu ya machimbo. Nilishangaa, lakini niliandika. Kuna kitu kilichonifurahisha pia, Mungu anisamehe. Niliona kwamba wavuvi wanapiga kelele za bure, na mimi mwenye jedwali najua kuliko wao wenye mto.

Siku arobaini na tatu niliandika hivyo.

Siku ya arobaini na nne, Ramadhani imekwisha, ndoo ilikuwa bado imejaa maji ya kunywa na sikutaka kuyamwaga. Kalonda alikuwapo. Nikamwomba kibuyu chake, nikachota mtoni, nikamimina moja kwa moja kwenye kioo, nikawasha taa.

Sindano ikaanguka karibu na sifuri.

Nikadhani betri. Nikabadilisha betri, ikaanguka tena. Nikamwaga maji ya ndoo, nikaisugua kwa majivu na mchanga mpaka ukoko ukatoka, nikachota, ikaanguka vilevile. Kisha nikavunja punje ya shabu nikaitia ndani ya kioo. Mbele ya macho yangu matope yakaanza kushikana kama maziwa yanayoganda, vipande vikazama, mwanga ukapita katikati yao, na sindano ikapanda polepole mpaka pale nilipozoea kuiona.

Kalonda alikuwa ameinama begani kwangu. Alitazama kioo, akatazama ndoo, akatazama jiwe lililokuwa mkononi mwangu. Hakusoma shule, lakini aliona yote.

“Leo imeona,” akasema.

“Imeona.”

“Na zile siku zingine?”

Nikalifunga jiwe kwenye kitambaa chake. Akakaa chini akashika magoti.

“Karani, kukosa si kitu. Wazungu wanakuja baada ya siku ngapi?”

“Nne.”

“Utawaambia?”

“Nitawaambia.”

“Basi imekwisha,” akasema, akacheka kidogo, akaenda zake. Aliniamini. Mimi mwenyewe nilijiamini, jamani, nawaapia.

Lakini siku nne ni nyingi kwa mtu aliye peke yake na woga wake. Bwana Matope alikuwa ameniahidi kwamba mashini ikifaulu nitakwenda nayo baharini, na nilikuwa nimeshaandika barua nyumbani kutangaza. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari palikuwa na maneno ya ndoo, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nikisema kweli, ataona kwamba nimekunywa kwenye ndoo yake, na kwamba karani hodari wa hesabu hakujua kuosha chombo. Naona aibu kuandika hivi, lakini sikuogopa kifungo wala fimbo. Niliogopa kuonekana mjinga.

Siku ya tatu nilijaribu kuandika maelezo kwenye daftari. Niliandika mistari miwili, nikachana karatasi.

Wakaja. Baraza likafanywa kijijini, mkubwa wa serikali kwenye kiti, mkubwa wa machimbo pembeni, Bwana Matope amesimama na madaftari mawili, la juu na la chini. Wavuvi walikaa chini na wake zao nyuma. Bwana Matope alisoma namba. Nilimwona amekunja uso, kwa sababu hata yeye alikuwa ametazama mto ule kwa macho yake. Lakini mashini ilikuwa mtoto wake. Akasema tofauti kati ya juu na chini ni ndogo sana.

Mkubwa wa serikali akamgeukia Kalonda.

“Wewe ndiye ulisema maji imeharibika?”

“Ndiyo, Bwana. Mwende mutazame, mto iko pale.”

“Mashini imetazama.”

“Mashini ilikosa mbele, kisha ikaona. Muulize karani. Karani aliona, na mimi niliona.”

Macho yote yakanijia. Mkubwa akaniuliza kama daftari ni la kweli. Nakumbuka nilikuwa nahesabu vifungo vya koti lake.

“Ndiyo, Bwana. Ni kama ilivyoandikwa.”

“Na huyu anasema nini?”

“Sijui anasema nini, Bwana.”

Kalonda hakupiga kelele. Alinitazama kwa subira, kama unavyomngoja mtu amalize kukohoa aseme alilotaka kusema. Alingoja hivyo mpaka askari walipomshika mkono.

Wakasema ni mwongo na anachochea watu. Alifungwa, na baada ya kifungo akahamishwa mbali, teritwari, yaani wilaya, ya watu wengine, asikanyage tena kwao mpaka serikali ipende. Mabwawa hayakuchimbwa. Wavuvi waliambiwa atakayelalamika tena atamfuata mwenzake.

Mimi nikaenda baharini.

Mnataka niwaambie bahari ilikuwaje? Sikuiona. Tulikaa mwisho wa mto, tukitoka kila siku na mashua kwenda pale maji matamu yanapokutana na ya chumvi, na kila nilipotia maji kwenye kioo nilimwona Kalonda. Na sindano ikaanza tena kusema uongo. Tulichota maji mazito ya matope, mashini ikasema ni safi. Bwana Matope alilifungua sanduku mara tatu. Alibadilisha taa, alibadilisha jicho, akabandua kaniki ya mama akisema ndiyo yenye hatia. Mimi nilikuwa nimeshaona. Ndani ya kioo matope yalikuwa yanashikana vipande vipande, yakizama, kama siku ile kwenye kibanda. Wiki mbili nilimtazama mtu mzima akihangaika, nami nimenyamaza na jibu mdomoni.

Mwishowe nikamwambia. Nikamweleza ndoo, shabu, ukoko, kibuyu, yote. Nikasimama mbele yake, nikingoja anifukuze.

Akanishika mabega kwa furaha.

“Chumvi! Chumvi ya bahari inafanya kama shabu yako!”

Akakaa akaandika kurasa nyingi bila kuinua kichwa. Alisema matope yaliyoshikana yanaacha mwanga upite, na kwamba sasa anajua mashini yake ina upofu gani na ataufanyia dawa. Aliniuliza shabu kiasi gani, maji kiasi gani, vipande vilizama kwa muda gani. Nilijibu yote. Kisha nikasema:

“Bwana, na Kalonda?”

“Kalonda nani?”

Nikamkumbusha. Kalamu ikasimama. Hakuwa mtu mbaya. Aliona haya, uso ukawa mwekundu, na siku ileile aliandika barua kwa wakubwa kwamba namba za mto ule zilikuwa za makosa na mtu yule alisema kweli. Miezi ikapita. Jibu lilipofika lilikuwa la mistari mitatu. Wamepokea maelezo. Mtu anayetajwa alifariki kwa ugonjwa wa kuhara, huko alikopelekwa, msimu wa mvua uliopita.

Niliacha kazi. Bwana Matope alinisihi, nikakataa. Safari ya kurudi ilichukua majuma mengi, nami nilikuwa natunga maneno ya kumwambia Mama Feza. Nilitunga mengi na mazuri.

Kijiji sikukikuta. Watu walikuwa wameuacha mto, wamehamia juu kwenye chemchemi, wanalima tu. Mitego ilikuwa imetupwa kwenye majani. Mama Feza nilimkuta anatwanga. Alinitambua mara moja, akanipa kigoda, akaendelea kutwanga mpaka nilipoanza kusema, hapo akaweka mchi chini.

Yale maneno mazuri yote yakanipotea. Nilisema tu kwamba mume wake alisema kweli, mimi nilisema uongo, na nilijua.

“Tunajua,” akasema. “Alituambia kabla hawajamupeleka. Vijana walitaka kukufuata mpaka Kasongo. Yeye akakataza.”

“Alikataza kwa nini?”

“Alisema, ‘Hapana mumufuate. Ile mutu iko na haya, si mubaya. Haya itamutoka, atasema mwenyewe.’” Akafuta unga mikononi. “Kule walimupeleka, mutu akipita anatoka huku kwetu, alikuwa namuuliza neno moja tu. Karani ameshasema? Mupaka siku alikufa alikuwa nauliza.”

Nilitamani anitukane. Nilitamani anipige na ule mchi. Aliuokota tu, akarudi kwenye kinu chake. Hakuniambia nikae wala nitoke, na mimi sikujua la kufanya na miguu yangu. Nilikaa pale mpaka unga ukawa tayari, akaupepeta, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nimeoa, nimezaa, nimeswali na watu msikitini, na watu wa mjini wananisalimu vizuri. Lakini tangu siku ile kila mtu akinitazama kwa subira, hata mtoto wangu mwenyewe anayengoja nimjibu, nasikia sauti ya Kalonda ikiuliza kama nimeshasema. Naondoka kwenye barza, pale wanaume wanapokaa kuzungumza, watu wakiwa bado wanacheka. Wanadhani ni kiburi cha zamani.

Wewe unayesoma haya, najua yuko mmoja kati yenu mwenye neno lililomkaa kooni, na amejiambia atalisema kesho, mambo yakitulia, bwana mkubwa akiondoka. Usilipeleke kwa mtu mwingine upate kupumua, kama nilivyofanya mimi. Mpelekee yule anayelingoja, tena leo, maana huko aliko anauliza watu kama umeshasema.